Sauti ya Bwana Yangu Iko kwa Agnès

Muliniacha nimesimama mu lupangu ya nyumba yetu, ndoo ya mayi mu mukono, masikio yangu imesikia kintu yenye hakuna bibi wa ndoa ya Kanisa anapenda kusikia: Faustin, bwana yangu, alimupa Agnès sauti yake.

Benye hamukusoma sehemu zilizopita, musilie. Mi nililia kwa ajili yenu.

Camion ya kwanza ya samaki yangu ilianguka mu matope mbele ya kutoka Kilwa ya kwetu, ile ya ku ziwa. Panya bakamaliza yenye ilibakia. Kiisha mi mwenyewe nikaanguka mu kanivo ya mayi chafu, mbele ya soko nzima, na kitunga ku kichwa. Basi, nilikuwa ninafikiri mabaya imechoka na mi. Haikuchoka. Ilikuwa inapumuzika tu.

Tuko na Kitunga. Si ile ya kubebea mihogo. Ni jina ya muziki yetu, chama ya ba mama wa mutaa yetu ya Katuba, ile ya kuchanga na kukopeshana, lakini siku hizi inaishi mu telefone. Haina prezida, haina kesia, haina hata kiti ya kukalia. Zamani kesia alikuwa anakimbia na mufuko. Leo kesia hakuna, basi wa kukimbia hakuna. Tukaona ni muzuri, tukaruhusu na banaume baingie. Njo kosa ya kwanza.

Ukitaka kukopa, unaweka rehani mu depo. Mi ninaweka samaki ya kukauka ya Pweto. Agnès anaweka bikwembe vyake, nguo za wax zenye anauzaka. Élie, mwenye kuuza mabati, anaweka mabati. Na nani anaamua rehani gani ni ya kukubali? Jeton. Mwenye kuingia mbele na kukawia alipewa jeton mingi. Mwenye kuchelewa, kidogo. Kila jeton ni sauti moya ya kupiga kura. Usiseme kila muntu ni sauti moya, utachekwa. Mi niko na jeton meka moya, ile kikopo ya kupimia unga. Faustin eko na gunia, juu yeye aliingia na pensheni yake ya reli wakati sisi wote tulikuwa tunamucheka.

Tena kuko ujanja ingine. Unaweza kubakia na jeton zako na kumupa muntu mwingine sauti yako, akusemee. Haumupi jeton. Unamupa kinywa tu.

Sasa Élie aliweka shauri mbele ya Kitunga: samaki ya kukauka itoke mu rehani, inanuka, inaoza. Jibu, dimanche, siku ya misa. Samaki ikitoka, mi sina tena kintu ya kuweka. Camion yenye inaningojea Pweto itapakia samaki ya bengine, na meza yangu ku soko itabakia ya nzi.

Na ile gunia ya sauti, yenye ilipashwa kuniokoa, iko kwa Agnès. Agnès mwenye meza ya bikwembe karibu na meza yangu. Agnès mwenye kufunga pua na kitambaa ya parfum kila asubui nikifungua samaki.

Mumenipata? Tuendelee.

"Baba Guelor," nilimuita.

Guelor ni mutoto yetu wa kwanza. Nikimuita Faustin Baba Guelor na sauti ya chini vile, hata kuku banaingia chini ya kitanda.

Alikuwa anaoga nyuma ya bati. "Leta ndoo," alisema. "Sabuni inakauka."

"Ndoo iko kwa Agnès."

Nikasikia tone ya mayi.

"Nani alikuambia?"

Sikilizeni vizuri, ba mama. Mwanaume mwenye haki anauliza "kuambia nini?" Mwenye kosa anauliza "nani alikuambia?"

"Sikumupa jeton hata moya," alisema. "Nilimupa sauti tu."

"Njo vile munasemaka wote. Sikumupa kintu, tulizungumuza tu."

"Mama Guelor, ni Kitunga. Haiko ndoa."

"Jeton zinalala kwangu, sauti inalala kwake. Hiyo inaitwa nini?"

Akatoa kichwa juu ya bati, povu mu nyushi, sawa mutakatifu mwenye kuteswa. "Yeye anasomaka kila shauri mupaka mwisho. Wewe ukisikia jina ya muntu, unajibu jina. Maneno hauyaangalii."

Anasomaka!

Kweli, anasomaka. Eko na lunettes na kamba ya rangi ya zahabu. Akitaka kusoma anazishusha ku pua polepole, ungesema padri anafungua Injili. Mi vilevile niko na lunettes. Niliinunua ku soko: jicho moya inaona karibu, ingine inaona Zambia.

Agnès ni mujane wa mukwabo wa Faustin, mwenzake wa kazi ku reli. Marehemu, mbele ya kufa, alimushika Faustin mukono akamwambia, "Umuangalie bibi yangu." Sawa. Mi nilikuwa pale, nililia hata kupita mujane. Lakini miaka hii yote bado anamuangalia tu? Haiishi? Ni musalaba ya kanisa?

Sikumupa ndoo. Alimaliza kuoga na bilauri.

Nilienda kwa Plamedie, bibi ya Guelor. Eko na kibanda ya telefone ku kona ya avenue, na mambo ya Kitunga anaijua sawa mi ninajua mifupa ya samaki.

Plamedie ni mutoto wa heshima. Hanitazami mu macho. Hanikatizi maneno. Na mi nikigeuza mugongo, hawezi kupaza sauti mu njia kuniita, juu mukwe hamupigii mama mukwe makelele mbele ya bantu. Mi njo nilimufundisha vile, mwaka ya kwanza ya ndoa yake, na ukali mingi. Mukumbuke hii.

"Plamedie."

"Wito, mama."

"Muntu alimupa mwingine sauti yake. Anairudisha namna gani?"

Akaangalia chini. Alijua ni muntu gani. Katuba nzima ilijua. Mu Kitunga hakuna rido ya kujificha nyuma: kila muntu anaona sauti inatoka kwa nani inaenda kwa nani.

"Mwenyewe anafungua Kitunga mu telefone yake, mama. Anafinya Rudisha. Kiisha anaweza kuibakisha kwake ao kumupa mwingine."

"Inakawia?"

"Hata chai haipoi. Lakini..."

Mi nilikuwa nimeshageuka.

Ile "lakini" niliisikia nyuma yangu, kidogo, ya heshima, sawa kitoto ya kuku chini ya sufuria. Bakiriya benye kutaka kununua balikuwa banamuita ku dirisha. Hakunifuata. Hakupaza sauti. Nikajiambia: angalia vile nilimulea muzuri.

Vendredi, bado siku mbili dimanche ifike, Faustin alienda kurudilia nyimbo na korale. Padri hataki telefone mu korale, basi yake inabakia ku prise, na waya ya umeme, mu nyumba, na mi.

Telefone iliniomba code, namba yake ya siri.

Nikaandika mwaka ya kuzaliwa kwangu. Ikakataa.

Mwaka ya ndoa yetu. Ikakataa.

Moto ikanipanda. Nikaandika jina ya Agnès kwa namba, herufi kwa herufi. Kama inafunguka, nilisema, leo tunapashwa kuita padri ao polisi, wa kwanza kupatikana.

Ikakataa.

Nikakaa chini. Kiisha nikacheka mwenyewe. Nikaandika namba ya mashini ya reli yenye aliendesha mu bujana yake.

Ikafunguka mara moya.

Ba mama, musipoteze wakati kuchukiana sisi kwa sisi. Mashini ya reli njo ilitushinda wote.

Nikafinya Rudisha. Ikaniuliza: kumupa nani? Nikaandika jina yangu yote, na ya ubatizo ndani, na ya kambo, babu yangu, juu yake. Ile gunia nzima ikatoka kwa Agnès, ikakuya kwangu. Nikarudisha telefone ku prise vile aliiacha, na waya yake vilevile, na vumbi yake vilevile.

Faustin aliporudi alinikuta ninapiga bukari ya unga mu sufuria na kuimba.

"Kuko nini?" aliuliza.

"Kuko bukari," nilisema. Nikamupa kichwa ya samaki. Muntu wa kosa anapashwa kula muzuri mbele ya hukumu.

Samedi, kesho yake asubui, ku soko, Agnès alifika, akafungua bikwembe vyake kimoja kwa kimoja, akanisalimia sawa mudogo anasalimia dada yake mukubwa.

"Jambo, yaya. Umeamuka?"

Alikuwa ameona. Lunettes zilikuwa juu ya paji ya uso, na ku ile macho yake mi nilijua ameona sauti ilitoka kwake. Hakusema neno. Hakufunga hata pua.

Ile kimya ilinichoma kupita matusi. Muntu ukimunyanganya kintu na halii, ni kwamba eko na ingine.

Saa kidogo Élie akapita, kalamu ku sikio, tabasamu mingi. Élie haniangaliaka. Siku ile aliniangalia sawa mi ni bati mupya.

"Mama Guelor! Nilisikia sasa uko mukubwa mu Kitunga. Gunia nzima!"

"Mungu ni mwema," nilisema.

"Niliweka shauri ingine asubui hii. Ya haraka. Inagusa kidogo upande wa bikwembe." Akaangalia meza ya Agnès, kiisha akaniangalia mi. "Lakini pengine haitakufurahisha."

Akaenda zake anapiga miluzi.

Nikatoa telefone yangu chini ya kikwembe. Nikaweka lunettes, jicho ya karibu mbele. Shauri ya Élie ilikuwa pale, juu kabisa:

KUONDOA BIKWEMBE MU REHANI...

Kiisha nukta tatu, na chini yake neno ndogo ya rangi ya blu: suite, ni kusema endelea kusoma.

Niseme kweli. Ile blu niliiona. Lakini upande ingine wa meza Agnès alikuwa anachekesha mukiriya, meno yake na ile mwanya yake mu katikati, na mukiriya alikuwa mwanaume. Moyo yangu ikasema: ya nini kuendelea? Umeshaona jina.

Nikafinya NDIYO. Na meka yangu, na gunia ya Faustin juu yake.

Shauri ya haraka ikisha kupata kupita nusu ya sauti zote, inafungwa palepale. Élie alikuwa na zake na za bakwabo bake bauza simenti. Kidole yangu ikajazia yenye ilibakia. Telefone ikaandika na rangi ya kijani: IMEPITA.

Nikamuangalia Agnès. Nikamupa tabasamu muzuri, ile ya siku ya Pasaka.

"Bikwembe vyako vinapendeza, mama," nilimwambia. "Uviangalie vizuri leo."

"Asante, yaya," alisema. Kiisha telefone yake ikalia, akashusha lunettes ku pua, akasoma. Akasoma mupaka mwisho. Akaniangalia kwa huruma.

Huruma! Nikasema, anaigiza.

Dimanche, kiisha misa, tulikusanyika chini ya paa ya hangar ya parokia. Kitunga haiombi tukusanyike; majibu inatoka mu telefone, hata ukiwa mu kitanda. Lakini furaha ya kushinda adui mu kitanda, peke yako, ni furaha gani?

Nilivaa wax yangu ya kijani. Faustin alikaa na banaume, kofia yake ya reli ku goti. Agnès alikaa mbele. Élie alisimama ku nguzo.

Plamedie akasimama na telefone. "Shauri ya kwanza. Samaki ya kukauka itoke mu rehani." Akafinya jibu. "Imekataliwa. Samaki inabakia."

Niliruka. Kwa miaka yangu, niliruka! Ba mama bauza samaki bakapiga vigelegele, nikazunguka hangar nzima nikicheza, mupaka nikafika mbele ya Agnès, na pale nikapunguza mwendo na kuongeza kiuno.

"Muone!" nilisema. "Muone sauti ya bwana yangu! Kuko banamuke benye kufikiri sauti ya bwana wa muntu ni mayi ya robine, kila mupita-njia anakingia ndoo. Mi nimefunga robine! Nimeirudisha kwangu, na samaki yangu imeokoka!"

Bantu bakacheka. Agnès alikunja mikono tu.

"Mama," Plamedie alisema, macho chini. "Haiko vile."

"Haiko vile namna gani?"

"Siku shauri inawekwa, Kitunga inapiga kama picha. Inaangalia sauti iko kwa nani ile saa. Yenye inabadilika kiisha picha haihesabiwi kwa ile shauri. Njo kusudi bantu basikope jeton siku ya mwisho." Sauti yake ilikuwa inafifia. "Vendredi ulichelewa, mama. Picha ya samaki ilikuwa imeshapigwa. Nilitaka kukuambia, lakini ulishageuka."

"Basi kwa shauri ya samaki, sauti ya Faustin ilikuwa wapi?"

Bantu bakamuangalia Agnès.

"Mi njo niliitumia," Agnès alisema. Alisimama polepole. "Nilisema Hapana. Nilikubali samaki."

"Wewe? Mwenye kufunga pua?"

"Pua ni yangu, Kitunga ni ya wote. Mvua ikikata barabara ya Pweto, samaki yenye iko mu depo inapanda bei. Ni rehani gani ingine inapanda bei wakati mwenyewe anakwama? Niliandika vile mu Kitunga wakati Élie alikuwa anasema tu, mbele ya kuweka shauri. Baba Guelor alisoma, akaniambia: basi chukua na sauti yangu, usimamie samaki ya bibi yangu, juu mi nikisema mwenyewe, bantu batasema ninapendelea nyumba yangu."

Munajua namna samaki mubichi inafungua kinywa mu kitunga, mayi imeisha? Njo mi.

Bwana yangu alikuwa amenipigania kwa siri, na kinywa ya mwanamuke mwingine. Sikujua nimushukuru ao nimupige. Na mbaya kupita yote: nilikuwa nimeokolewa na Agnès. Ningependa kuzama.

"Umesema umeirudisha," Faustin akasema. Alikuwa amesimama, kofia mu mukono. "Na telefone gani, Mama Guelor?"

Nilianza kufunga wax yangu upya. Nilitafuta hata kikohozi.

"Na ile shauri ya jana, yaya?" Agnès aliuliza, polepole, sawa muntu anatoa mwiba. "Uliisoma mupaka mwisho?"

"Shauri gani ya jana?" ba mama bakauliza pamoja.

Plamedie alifinya ile neno ya blu. Suite. Akasoma:

"Kuondoa bikwembe mu rehani, pamoja na samaki ya kukauka, mihogo, mahindi, na bintu vyote vyenye panya anaweza kukula. Imewekwa na Élie, samedi. Picha ilipigwa samedi. Imepita. Sauti yenye ilipitisha..." Akafunika telefone na mukono.

"Sema," ba mama balisema.

"Ya mama yangu mukwe."

Niliangalia ku nguzo. Élie alikuwa ameshaenda. Aliona vendredi gunia ya Faustin imeingia mu mukono ya mwanamuke wa bwivu, akaniwekea chambo na jina ya Agnès juu yake. Na mi, muuza samaki, miaka yote hii ninajua vile samaki inamezaka, nikameza chambo, ndoano, na kamba.

Kwa shauri ya Élie ya kwanza, samaki yangu iliokolewa na adui yangu. Kwa ya pili, niliiua mi mwenyewe.

Ba mama bauza samaki, bale benye kunipigia vigelegele, bakaanza kusogea, kila moya na kiti yake, mupaka nikabakia peke yangu mu katikati ya hangar na wax yangu ya kijani. Hata bua ya mahindi mu shamba ya kuungua ina mwenzake.

Faustin alivaa kofia. Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kuanzia. Alipita mbele yangu, akatoka mu parokia, hakuelekea nyumbani.

"Plamedie," nilisema. "Kuko dawa?"

"Iko moya, mama." Sasa alisema haraka, juu aliona niko karibu ya kugeuka. "Shauri ikisha kupita, Kitunga inaingojesha mbele ya kuitenda. Mupaka mercredi, siku ya tatu kutoka leo. Mbele ya mercredi muntu anaweza kuweka shauri ya kuisimamisha. Lakini kwa kuiweka anapashwa kuwa na robo ya sauti zote mu mukono yake moya."

"Mi niko na gunia na meka."

"Haifiki robo, mama."

"Nani anafika?"

Alihesabu na vidole.

"Ba mama mingi balimupa Mama Agnès sauti yao. Nayo peke yake haifiki. Lakini kama gunia ya papa inarudi kwake, inafika."

"Na kama yeye ananipa yake?"

"Sauti yenye ulipewa hauwezi kuipa mwingine. Ni mwenye jeton tu anaweza." Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Plamedie aliniangalia mu macho. "Inapashwa kutoka ku telefone ya papa, mama. Kwenda kwa Mama Agnès."

Ni kusema: mi, na kidole yangu, nimurudishie Agnès sauti ya bwana yangu. Na nimuombe apokee.

Nilirudi nyumbani. Faustin hakuwa. Telefone yake ilikuwa ku prise, vile anaiachaka siku ya misa. Niliichukua, nikaifunga mu pembe ya kikwembe, nikaenda.

Jua ilikuwa bado juu. Katuba nzima ilikuwa ku mulango, inakula karanga na kuniangalia kupita. Muntu moya akaniuliza, "Mama Guelor, robine imefunguka?" Sikumujibu. Nilimuweka mu kichwa kwa siku ingine.

Lupangu ya Agnès imefagiliwa kila wakati. Hata hiyo inanichukiza. Nilibisha hodi. Alitoka, akaniona, akaleta kiti, akaweka mu kivuli, akakaa ku stuli mwenyewe, chini yangu, sawa mudogo anakaa mbele ya mukubwa. Heshima yake ni kisu.

"Unajua yenye inanileta," nilisema.

"Ninajua, yaya. Lakini sema."

"Ninaomba uweke shauri ya kusimamisha ile ya Élie."

"Sina robo."

"Nitakupa." Neno ilinitoka sawa mufupa mu koo. "Nitakurudishia sauti ya Faustin."

Akashusha lunettes. "Nitaiweka. Si kwa bikwembe vyangu; mi niko na mashine ya kushona, nitaishi. Ni kwa camion yako yenye inangojea Pweto, na kwa bale ba mama benye kukuhama na kiti zao. Lakini kuko kintu moya."

"Sema."

"Sauti ya Baba Guelor, ndiyo. Na ya kwako vilevile. Ile meka. Mupaka siku utaanza kusoma ile ya blu."

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Kunipokonya bwana ilikuwa haitoshi, sasa alitaka na kinywa yangu!

"Agnès, wewe ni mwanamuke mubaya."

"Pengine, yaya. Lakini ninasomaka."

Ba mama, nilifikiri camion yangu. Nilifikiri meza na nzi. Nikafungua pembe ya kikwembe, nikatoa telefone ya Faustin. Nikaandika namba ya mashini ya reli. Ikafunguka. Nikaandika jina yake, A, g, n, kila herufi ikinichoma kidole.

Telefone ikauliza: Unamupa Agnès? Ndiyo ao Hapana.

Nikainua kidole.

Na pale, ndani ya nyumba, nyuma ya rido ya maua yenye Agnès ameshona na mukono yake, muntu akakohoa. Kikohozi ya kukauka, mara mbili fupi na moya ndefu, ya muntu mwenye alivuta moshi ya mashini ya reli bujana yake yote.

Agnès hakugeuka. Alitoa lunettes ku pua, akaangalia miguu yake.

Niliangalia chini ya rido. Kulikuwa viatu vya misa. Mi njo nilivipaka sirage asubui.

Telefone ya bwana yangu ilikuwa mu mukono yangu, na bwana yangu mwenyewe nyuma ya rido ya Agnès, na kidole yangu ilikuwa bado mu hewa, na ile telefone, yenye haina macho wala haya, ilikuwa inaniuliza tena:

Unamupa Agnès?